Thamani ya Ndege Iliyogonga Ngamia

Ndege iligonga ngamia katika uwanja wa Kakuma asubuhi ya tarehe nane Februari, mwaka wa tisini na nne. Nataka habari hiyo iwe ya kwanza kwenye kanda hii, kabla ya jina langu na kabla ya salamu, kwa sababu imefichwa mara moja na imetiwa chumvi mara moja, na yote mawili yametendeka ndani ya nyumba hii.

Sasa jina. Mimi ni Nuur, mfanyabiashara wa Lodwar, baba wa Najib na Kowsar. Najib, kaa upande wa dirisha nikuone. Kowsar, usisimame mlangoni kama mgeni, njoo ukae. Imamu yupo, na Ethuro wa Kakuma yupo. Hao ndio mashahidi. Kwa ajili ya Ethuro nasema Kiswahili, ingawa lugha ya nyumba hii ni Kisomali, maana shahidi asiyeelewa anachoshuhudia ni sawa na ukuta. Mama yenu alishatangulia. Daktari amesema figo zangu zimechoka, akasema bila kuzunguka, nami nilimshukuru. Kwa hiyo sikilizeni wanangu, na mtu asinikatize mpaka nitakapouliza.

Mali yangu ni vitu vitatu: duka hili na vyumba vyake vya nyuma, lori, na ndege. Mafungu yenu sikuyapanga mimi. Mungu ameshayagawa: Najib mafungu mawili, Kowsar fungu moja, wala mimi sina ruhusa ya kuongeza upande huu au kupunguza upande ule. Lakini Mungu hakutuandikia bei. Bei ametuachia sisi, na baba anaweza kufa akidhani ameacha haki nyumbani, kumbe mmoja wa watoto wake ameshika mizani kwa kidole.

Ijumaa iliyopita Najib aliniletea hesabu yake ya urithi. Tulipima kwa malori ili kila mtu aone kwa macho yake, kwa kuwa bei ya lori kuukuu anaijua kila mtu katika mji huu. Lori ni moja. Duka ni sawa na malori mawili. Ndege, akasema, ni ya ajali, ni bati tu, haizidi lori moja. Jumla ni manne. Yeye achukue ndege na lori, na theluthi moja ya duka, basi duka liuzwe ili theluthi hiyo ipatikane. Kowsar anaishi katika vyumba vya nyuma vya duka hili na wanawe, na redio ya kuitia ndege iko juu ya meza yake, na tangu mumewe aende Juba hajarudi wala kuandika. Duka likiuzwa, atatoka. Hilo ndilo jambo lililonifanya niombe kanda na betri mpya. Mengine yote ningeyaacha.

Sasa nitaeleza ajali, kwa sababu nilikuwa ndani.

Nilikaa kando ya rubani, Nestor. Nyuma yetu alikuwa mama mmoja Mdinka, Aluel, mwenye kibanda cha vitambaa kambini, na majora yake yalijaza viti vilivyobaki. Mnajua desturi ya Kakuma. Uwanja hauna ua, na ngamia hupenda kulala pale kwa sababu changarawe ina joto. Rubani hupita kwanza chini chini bila kutua, wachungaji wakisikia wanaondoa mifugo, kisha anazunguka na kutua. Wachungaji nao walikuwa na desturi yao: upepo wa pale hutoka mashariki karibu kila siku, ndege hutua ikiukabili upepo, yaani ikitokea magharibi, kwa hiyo wao huwasukuma ngamia mpaka ncha ya mashariki na kuwaacha hapo, ambako ndege ikifika huwa imeshapunguza mbio. Siku hiyo tulipita, wakawasukuma mashariki kama kawaida. Tulipokuwa tunazunguka, upepo ukageuka. Nestor akaona vumbi limegeuka, akaenda kutua kutokea mashariki, kama rubani yeyote anavyotakiwa. Wachungaji walifanya sawa. Nestor alifanya sawa. Ngamia, waliofichwa na vumbi, walikuwa wamesimama hasa pale tulipogusa ardhi.

Propela ilimpata mmoja, gurudumu la mbele likavunjika, pua ikalala chini, tukaburuzika. Nestor alizima injini na kufunga mafuta. Hakuna aliyeumia ila ngamia. Nestor aliruka chini akashika kichwa.

"Mzee, ndege yangu! Angalia ndege yangu!"

"Kwanza kisu," nikamwambia. "Ngamia bado yu hai, asife haramu."

Watu walikuwa wameshafika, na kila mmoja alikuwa anatafuta kisu, na Nestor peke yake ndiye aliyekuwa anaangalia ndege. Nilimchinja mimi. Aluel alishuka na jora moja begani, akatazama uwanja uliobaki mbele yetu, akasema, "Mimi nililipa mpaka mwisho. Hii ni katikati. Rudisha nusu." Nilimpa kilo kadhaa za nyama akakubali.

Mwenye ngamia ni huyu hapa, Ethuro. Miezi miwili hatukusalimiana. Mimi nilisema ngamia mmoja kwa ngamia mmoja. Yeye alisema huyo alikuwa jike mwenye mimba, kwa hiyo si mmoja. Nilimwona mtu mgumu. Baadaye nilielewa alichokuwa ananidai: hakunidai nyama iliyolala uwanjani, alinidai ngamia ambao angewapata mbele. Nilimpa jike mwenye ndama, na tangu hapo tukawa tunakula sahani moja. Ethuro, kama moyoni bado kuna kitu, kiseme sasa kanda inazunguka. Anasema hakuna. Anasema, "Ejok, mzee, ni sawa tu. Ile maneno iliisha zamani." Basi.

Sasa sikilizeni habari ya matengenezo, kwa sababu thamani ya ndege iko humo zaidi kuliko katika ajali.

Tuliivua mabawa tukaipakia kwenye lori, hili hili letu. Kutoka Kakuma mpaka Lodwar salama. Tulipofika Kalemng'orok dereva aliingia kwenye korongo, kamba ikalegea, ncha ya bawa la kushoto ikajigonga kwenye ubao wa lori ikabonyea. Ngamia hakugusa bawa. Barabara ndiyo iliyogusa. Nilisema palepale kwamba hiyo nayo iandikwe, maana anayenunua hajali kama bawa limegongwa hewani au kwenye lori, anajali kama limenyooshwa vizuri.

Nairobi, karakana niliyoipelekea ndege, walifungua pua yote. Kuna ukuta wa bati kati ya injini na miguu ya rubani. Ulikuwa umekunjamana kama karatasi. Mkuu wa mafundi akanipa njia mbili. Ya kwanza, kuunyoosha kwa nyundo na kuubandika kiraka, na ndege iruke kabla ya mwezi kuisha. Ya pili, kuukata wote na kuweka mpya kutoka kiwandani, na kungoja. Alisema zote mbili zinakubalika kwa mkaguzi wa serikali. Nikamuuliza, ukiwa wewe ndiye mnunuzi, utapenda ipi? Akacheka, akasema mnunuzi hupenda ile ambayo muuzaji hakupenda kuilipia. Nikachagua ya pili. Injini pia waliifungua mpaka ndani kabisa, kwa sababu propela ikigonga kitu huku inazunguka, chuma kikuu kinachozunguka ndani kinaweza kupata ufa usioonekana, na injini ikaendelea kunguruma vizuri mpaka siku itakaponyamaza angani. Hawakukuta ufa. Walibadilisha vilivyochakaa, wakafunga propela mpya. Bima yangu ilikuwa ya abiria, si ya bati, kwa hiyo mwaka ule nyumba hii ilikula ugali mtupu, na Najib unakumbuka kwa sababu ulilalamika kila jioni.

Matokeo yake ni haya: pua ya ndege ile ni mpya kuliko mkia wake. Injini yake imefunguliwa na kukaguliwa zaidi kuliko injini za ndege nyingi ambazo hazijawahi kugusa hata kuku. Ajali imepunguza, matengenezo yamerudisha. Hayakurudisha yote. Sitawadanganya.

Kwa nini hayakurudisha yote? Nendeni soko la mifugo la Lokichar. Ngamia aliyevunjika mguu akapona, anatembea sawa na wenzake, anabeba sawa, na bado mnunuzi atainama kuushika ule mguu, na akishainama bei imeshashuka. Hanunui mguu wa leo peke yake. Ananunua na wasiwasi wake wa kesho, na pia anafikiria mtu ambaye yeye atamuuzia siku moja, na ambaye naye atainama. Ndege ni hivyo hivyo. Lakini nimeona jambo jingine Lokichar. Muuzaji anayemwambia mnunuzi, "Huyu alivunjika mguu wa nyuma, kiangazi cha juzi, shika uone," hupunguziwa kidogo. Anayengoja mnunuzi agundue mwenyewe hupunguziwa kwa mguu, kisha kwa meno, kisha kwa umri, kisha mnunuzi anataka kujua kama ngamia ni wake kweli.

Na muda nao una kazi. Mwaka wa tisini na tano mtu wa Eldoret alikuja kuitaka ndege. Alisoma vitabu vyake vyote, hakuona kasoro, akasema, "Mzee, acha iruke kwanza. Matengenezo mapya yananitisha kuliko ya zamani." Nilikasirika, lakini alikuwa na haki. Imeruka miaka minne sasa. Imebeba dawa za Kakuma, samaki wa Todonyang, akina mama wa kujifungua, maiti mbili, na wanasiasa ambao hawakusema asante. Kila safari iliyorudi salama imepunguza uzito wa ngamia yule. Mwaka huu ndege ya aina hii hii, ya umri huu huu, isiyo na ajali, imeuzwa Nairobi kwa thamani ya malori matatu na nusu. Nestor aliniulizia kwa watu watatu tofauti, wakajibu kitu kimoja. Yetu, kwa wale wale watatu, ni malori matatu, ajali ikiwa imetajwa na vitabu vikiwa mezani. Kwa hiyo ngamia wa Ethuro leo anatugharimu nusu lori. Si zaidi.

Maji. Kowsar, hayo hapo. Kidogo tu.

Basi lile lori moja la Najib lilitoka wapi? Nitasema, na Najib, nitasema kama lilivyotokea, bila kuongeza.

Mwezi wa tano nilipolala kitandani hapa, Najib alitafuta mnunuzi bila kuniuliza. Akampata bwana mmoja wa Nairobi. Akamwambia ndege haijawahi kuguswa. Bwana akasema atakuja kuiona Lodwar. Sasa, mnakumbuka propela ya zamani, iliyopinda. Niliirudisha nayo kutoka Nairobi, nikaitundika juu ya mlango wa duka, na watoto wa mji huu wamejifunza kuhesabu kwa mikato iliyo juu yake. Kabla bwana hajafika, Najib aliishusha akaificha nyuma ya magunia ya sukari. Alifikiri ameficha. Bwana akashuka uwanjani, akamkuta mama anauza maziwa, akamuuliza duka la Najib liko wapi.

Mama akamwambia, "Najib gani? Ya ile duka ya propela ilikula ngamia?"

Bwana akamuuliza ngamia gani, na mama yule, ambaye hakuwepo Kakuma siku ile hata kidogo, akamsimulia yote, na kwenye hadithi yake ngamia walikuwa wanne.

Haya nimeyapata kwa bwana mwenyewe. Alikuja akaketi pale alipoketi Imamu, akanywa chai, hakunitukana. Nilimwonyesha vitabu. Alisoma ukurasa kwa ukurasa, akasema kazi ni nzuri. Nikamuuliza, sasa bei? Akasema, "Mzee, nilikuja na malori matatu kichwani. Lakini kama mwanao alinificha ngamia, sijui amenificha nini kingine. Lori moja, nichukue na hatari yangu." Nikamkatalia, akaenda zake.

Na lile lori moja, ambalo ni bei ya uongo wa Najib na si bei ya ndege, Najib aliliokota alipoliacha yule bwana, akalibeba mpaka kwa dada yake, akamwambia hiyo ndiyo thamani, mnunuzi wa Nairobi amesema. Kwa mnunuzi ndege haijawahi kuanguka. Kwa dada yako ndege haijawahi kuinuka. Ukishamaliza kugawana naye kwa lori moja, ungeiuza kwa matatu, na duka lingekuwa limeshauzwa, na Kowsar angekuwa amepanga chumba kwa watu. Kama nimekosea, nisahihishe.

Basi, tuendelee.

Simwiti Najib mwizi, na ninyi mashahidi msitoke hapa mkamwita hivyo sokoni. Ni mtu wa haraka. Alikuwa hivyo tangu tumboni, mama yake alijifungua njiani. Lakini sitaki kufa nikiwa nimewaachia thamani iliyosemwa na mtu ambaye faida iko upande wake, na sitaki pia kuitaja mimi, kwa sababu mkishanizika mtasema mzee alikuwa na homa, mzee alimpenda binti. Kwa hiyo tutafanya kama wafanyavyo ndugu wanaogawana mifugo kisimani: mmoja anapanga, mwingine anachagua.

Najib, wewe utataja thamani ya ndege. Itaje utakavyo. Ukishataja, Kowsar atachagua: ama ndege iingie kwenye fungu lake kwa thamani hiyo hiyo uliyoitaja, ama akuachie wewe kwa thamani hiyo hiyo. Imamu ameshasema hakuna kosa hapo mkiridhiana. Mnaridhia? Kowsar? Sema kwa sauti, kanda haioni kichwa. Ameridhia. Najib? Ameridhia.

Haya. Taja.

Anasema lori moja.

Kowsar?

"Nachukua, aabo. Kwa lori moja naichukua. Duka na lori achukue yeye, anidai ile theluthi ya lori inayobaki... hapana, mimi ndiye nitamdai."

Mmemsikia. Najib, kaa chini. Kaa. Unasema ngoja. Ngoja kwa nini? Ulisema ni bati. Mtu hasimami juu kwa ajili ya bati la dada yake.

Kowsar anacheka. Mwacheni acheke, ni wiki nzima hajacheka.

"Mwache atafute bei yake vizuri, aabo. Mimi sitaki ndege. Nitaiweka wapi, kwenye rafu ya sukari? Walaal, ndugu yangu, sema tena. Sema ya kweli, nami nitaisahau ile ya kwanza."

Umepewa nafasi, Najib. Sheria haikukupa, dada yako ndiye aliyekupa. Kunywa maji useme.

Anasema matatu.

Matatu, na ajali imo ndani? Anasema imo.

Sasa hesabu yenyewe: ndege matatu, duka mawili, lori moja, jumla sita. Theluthi ya Kowsar ni mawili. Kowsar, chagua.

"Namwachia ndege na lori. Nachukua duka."

Imamu amesikia. Ethuro amesikia.

Yaliyobaki ni machache, na pumzi pia ni chache. Najib, ukiiuza ndege, taja ajali kabla hujaulizwa. Taja pua, taja injini, taja na lile bawa la Kalemng'orok, ambalo wewe hupenda kulisahau. Vitabu viende na ndege, vyote, hata kimoja kisibaki. Ndege yenye ajali iliyoandikwa ina bei. Ndege yenye kitabu kilichopotea haina... haina bei, ina bahati nasibu tu. Nestor asifukuzwe mpaka apate kazi nyingine. Kowsar, redio usiizime asubuhi, kuna watu Kakuma wanaingoja. Mnizike hapa Lodwar. Msinisafirishe. Ndugu zangu wa Garissa watasema, waacheni waseme.

Najib, nisogelee. Mkono. Mungu akuongezee subira, na akupe watu wanaokuamini bila kuinama. Kowsar, Mungu akutunzie watoto na... na paa lao. Nimewasamehe. Nanyi mnisamehe ugali ule.

Imamu, soma... soma wewe, mimi sauti imekwisha. Ethuro, kama kanda bado inazunguka, sema ulichosikia. Kwa maneno yako.

"Mimi Ethuro wa Kakuma. Najib alisema ndege ni malori tatu. Kowsar alichukua duka."